Barua ya Mkononi Haibandikwi

Dzaleka, Jumapili, 4 Mei 2025

Mama Izere mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi huku kambini tuko wazima, ila sikio la kushoto la babu wa watoto limeshastaafu, na la kulia linaomba likizo. Ndiyo maana nakuandikia. Yeye simu haisikii mpaka aweke sauti ya nje, na nyumba zetu hizi za udongo, ukipiga chafya tu, jirani anakuombea afya.

Nataka uniletee wajukuu zangu. Mwaka mmoja na miezi saba sijawaona. Junior nilimwacha anajikwaa kila hatua mbili. Na Izere, niliyembeba mgongoni na kumlea mpaka akatimiza miaka minne, nasikia ana pengo. Jino limeng'oka na mimi sijaliona! Waje wote wawili, kabla mwezi huu haujaisha. Usiniambie habari ya likizo ya shule. Mwezi huu.

Kabla hamjaja, nitumie vitu viwili. Kwanza, uzi: mpime kila mtoto mkono, kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono, ufunge fundo mwisho. Usinitumie namba za futi lako la ushonaji, mimi nafuma kwa uzi, sifumi kwa hesabu. Pili, majina yao kamili kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, pamoja na tarehe.

Usiniulize maswali mengi. Nilifundisha darasa la tatu kule Bukavu miaka kumi na tisa, maswali yalinichosha.

Anayekuletea hii ni Hubert wa gari la maharage. Majibu mpe yeye.

Mama mkwe wako,
Annonciata


Area 23, Lilongwe, Ijumaa, 9 Mei 2025

Mama mkwe mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa babu yao, Baba Evariste. Sisi tunasukuma siku. Nina sare za shule thelathini za kushona kabla ya mwisho wa mwezi, na umeme unakuja unapojisikia.

Barua yako ilinifikia ikiwa wazi, haina hata tone la gundi. Hubert alinipa huku anatabasamu, nadhani aliimaliza njiani. Hii yangu nimeizungushia selotepu pande zote, uniwie radhi.

Mama, majina na tarehe ni za nini? Sweta haliulizi tarehe ya kuzaliwa. Na kwa nini mwezi huu tu? Junior ana kikohozi, Izere ana mtihani. Tungeweza kuja mwezi wa nane bila kusumbuana.

Sitaki kuonekana sina adabu. Lakini siku tuliyomzika Sylvain, baba yake mdogo Twagiramungu alisimama pale kaburini, udongo haujakauka, akasema mbele ya watu: "Batoto ni ba ukoo. Mama akitaka kuenda, aende. Batoto banabakia." Na wewe, mama wa mume wangu, ulikuwa umesimama karibu naye, ukanyamaza. Ni miaka mitatu sasa. Niliwachukua wanangu nikaja mjini, na tangu siku ile masikio yangu hayalali.

Niambie kwanza sababu.

Xaverine


Dzaleka, Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama Izere,

Selotepu! Nimetumia kisu cha jikoni kuifungua, na Hubert amesimama mlangoni ananitazama. Unajua umemtukana?

Ngoja nikufundishe, maana inaonekana hukufundishwa. Barua ya posta inabandikwa, kwa sababu posta humjui. Barua ya mkononi haibandikwi. Mtu anayekubebea kwa mkono wake unampa wazi, maana yake, nakuamini. Akiisoma, hilo ni lake na dhamiri yake. Ndivyo mama yangu alivyonilea, na ndivyo nilivyomlea Sylvain. Basi anayeandika naye huandika yale tu ambayo hata yakisomwa njiani hayataleta neno. Kumbuka hilo unaposoma zangu.

Ya kaburini tutayaongea uso kwa uso. Hayo si ya kupanda gari la maharage.

Umesema sweta haliulizi tarehe. Kweli. Ninayeuliza ni mimi. Baridi ya huku Dowa imeanza, asubuhi pumzi inaonekana, na mimi sufu ninayo tayari, nyekundu na ya bluu. Lete watoto. Mwisho wangu ni tarehe 27. Baada ya hapo sitakuwa na nafasi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Babu anawasalimu, anauliza kama Junior anapenda dagaa.

Annonciata


Area 23, Ijumaa, 16 Mei 2025

Mama mkwe,

Nimeibandika tena. Hubert nimempa mandazi mawili ya kumtuliza.

Hutakuwa na nafasi? Mtu wa miaka sitini na nane, anayepalilia bustani ya mboga hatua tatu kutoka mlangoni, atakuwa wapi baada ya tarehe 27?

Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa nina jirani, Vénérande, mtu wa Uvira, tunashona naye kibaraza kimoja. Dada yake alikuwa na watoto wawili. Shangazi upande wa baba aliwaomba waende kumtembelea wiki moja tu. Kumbe shangazi alikuwa na faili la kwenda ng'ambo, akawaandikisha kama wa kwake, wakapigwa picha, wakaondoka. Mama yao alitumiwa picha moja, watoto wamesimama kwenye theluji na kofia za sufu. Vénérande aliposoma barua zako aliniambia: "We Xaverine, fungua macho. Bakikuomba majina na tarehe, si ya kufumia."

Halafu nasikia mengine. Baba Evariste ameonekana anatoka kwa mpiga picha, amevaa tai. Hubert naye, bila kujua kwamba ninamchunguza, amesema cherehani ya Baba haionekani tena barazani. Ile cherehani aliyonifundishia kazi, ambayo hata mwaka wa njaa alikataa kuiuza! Mzee anapigwa picha ndogo za pasipoti na kuuza cherehani ili alipe nini?

Nyuzi hizi hapa. Nyekundu ya Izere, nyeupe ya Junior. Na tarehe umezitaka, chukua, ili uniache nishone:

Izere Annonciata, 14 Juni 2018.
Junior Sylvain, 2 Januari 2022.

Xaverine


Dzaleka, Jumanne, 20 Mei 2025

Mama Izere,

Nyuzi nimezipokea. Mkono wa Izere umerefuka jamani, karibu nilie. Tarehe pia nimezipokea. Nimezisoma, nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikazisoma tena. Haya.

Huyo Vénérande simjui, ila mtu anayesoma barua za mwenzake kibarazani halafu anampa usia, huyo naye nina usia wake. Tai ya babu ni tai yake, mwache aivae. Cherehani iko kwa fundi.

Xaverine, mwanangu, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kwa neno hili tangu uolewe kwetu. Walete wote wawili. Wote wawili. Usiniletee mmoja. Kama nauli ndiyo shida, Hubert atawapakia mbele, watoto watakaa penye dirisha.

Annonciata


Area 23, Alhamisi, 22 Mei 2025

Mama mkwe,

Tutakuja Jumamosi hii. Hatulali, tutarudi jioni ileile. Tutapanda magari ya abiria wenyewe, Hubert asijisumbue.

Xaverine


Area 23, Jumapili, 25 Mei 2025

Mama mkwe,

Asante kwa jana. Ugali wa nsima ulikuwa laini, maharage yalikuwa na mawese ya nyumbani kabisa, sijui uliyapata wapi. Junior hajanyamaza tangu jana. Anasimulia baiskeli ya kabaza iliyotutoa barabara kuu, mbuzi ishirini na sita aliowahesabu (anajua kuhesabu mpaka kumi tu, kwa hiyo walihesabiwa upya mara kadhaa), na babu aliyemruhusu kuvuta ndevu.

Pole tena kwamba Izere hakuweza kuja. Homa ilimshika alfajiri, ningefanyaje.

Sasa nitasema, maana nisiposema nitapasuka.

Nyumba yenu ni tupu, Mama. Viti viwili tu. Sufuria moja. Mapazia hamna. Chini ya kitanda nimeona begi jipya limefungwa. Nilipokuuliza mbele ya yule jirani yako aliyekuja kuomba chumvi, ukacheka ukasema unafanya usafi. Usafi gani wa kuondoa mpaka kabati? Baba Evariste alimpakata Junior karibu muda wote, na alipomrudisha mikononi mwangu shati la mtoto lilikuwa limelowa machozi. Mzee halii bure. Mtu hulia akijua anachotaka kufanya.

Ulipokwenda kuchota maji, Baba na yule jirani wakiwa barazani, niliinua godoro. Ndiyo, mimi. Sioni aibu, mama anayelinda wanawe haoni aibu. Nikaikuta ile karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Imepigwa mhuri. Majina yenu, na chini yake majina ya wanangu, kwa mwandiko wako wa mwalimu.

Na kilichonitoa jasho ni hiki. Mimi nilikupa tarehe za uongo, leo nakiri, nilizitunga kwa makusudi ili mipango yenu isiende. Ya Junior umeiandika vilevile. Lakini ya Izere umeandika 3 Aprili 2018, ambayo ndiyo yenyewe! Uliipata ofisi gani? Nani amekufungulia mafaili ya watoto wangu?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua, na ndiyo maana Izere hukumwona, wala hutamwona. Mnataka kuniibia watoto niliobakiziwa na Sylvain. Nipeni karatasi hiyo, la sivyo nitakwenda mwenyewe ofisini na kusema kila kitu.

Xaverine


Dzaleka, Jumatano, 28 Mei 2025

Xaverine, mwanangu,

Hii nimeibandika. Nimeomba gundi kwa watoto wa shule, maana ni mara ya kwanza maishani kumpa mtu barua ya mkononi iliyobandikwa. Nimemwomba Hubert radhi. Nimemwambia akupe kesho mchana, si kabla.

Ukiisoma, sisi tutakuwa tumeondoka. Tunakwenda Kanada, mimi na babu, wawili peke yetu. Ni miaka kumi na moja tangu tuulizwe maswali ya kwanza ya kuhamishiwa huko. Tarehe ya safari ilitoka mwezi wa nne: Alhamisi, 29 Mei.

Unajua desturi ya hapa, ila umekaa mjini, labda umeisahau. Mtu akipata tarehe, anaifunga mdomoni. Haisemi kwa jirani, haisemi kanisani, haiandiki kwenye barua inayopita mikononi mwa watu. Baba Tuyishimire, mstari wa pili nyuma yetu, alichinja mbuzi akaaga. Siku ya tatu barua isiyo na jina ikafika ofisi ya wakimbizi, kwamba watoto si wake. Safari ikasimamishwa. Mwaka wa nne huu, bado yuko, anakunywa chai kwenye vikombe vya kuazima kwa sababu vyake alishavigawa. Mimi niliogopa. Niliogopa hata kukunong'oneza Jumamosi, na yule mama wa chumvi alikaa pale mpaka mkaondoka. Nilidhani nikiwaona tu, nikawashika, inatosha, na haya mengine nitayaandika nikiwa safarini. Kumbe kimya changu ndicho kilichokuwa kinakula moyo wako.

Karatasi uliyoiona. Huko ofisini waliniuliza: mama, nani anabaki nyuma? Nikasema mkaza mwana wangu, na wajukuu wawili. Wakasema waandike vizuri, majina kamili na tarehe, kwa sababu mtu asiyeandikwa leo, kesho akiulizwa wanasema hajulikani. Wewe pia umo. Ungegeuza upande wa pili ungejiona: Xaverine, juu kabisa. Uliishia kwa watoto ukaogopa.

Unauliza tarehe ya Izere niliipata ofisi gani. Mwanangu! Niliipata kwenye mikono yangu hii. Jumanne baada ya Pasaka, mkunga amechelewa, wewe umeng'ata ncha ya kanga yangu, na mimi ndiye niliyempokea. Ulimpa jina langu siku hiyohiyo. Hofu imekusahaulisha hata nani alikuwa chumbani. Ya Junior siijui, mlikuwa hospitali ya Likuni, kwa hiyo niliandika uliyonipa. Sasa unasema ni ya uongo, na karatasi imeshapelekwa. Niandikie ya kweli upesi. Nitaomba wairekebishe, sijui kama watakubali.

Ya kaburini, sasa niseme. Twagiramungu aliposema vile, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namzika mwanangu na sikuwa na ulimi. Siku iliyofuata ulimi ulirudi, nikamwambia watoto ni wa mama yao na asikanyage tena kwangu. Hajakanyaga. Lakini wewe sikukwambia. Nilisubiri uje uniulize, na wewe ulisubiri nije nikueleze. Hilo ni kosa langu, mimi ndiye mkubwa.

Babu hajauza cherehani. Ilikuwa kwa fundi kweli, imewekwa mkanda mpya na sindano. Hubert anayo. Ni yako. Alisema, "Ile machine ni ya Xaverine, njo yeye alijua kuisikiliza."

Masweta yako ndani ya begi la bluu. La Junior ni la sasa. La Izere nilianza kwa kipimo cha uzi wako, nikalifumua, nikaanza upya. Nimelifuma kubwa.

Jambo la mwisho, na silisemi kwa kukuchoma. Jumamosi nilijua Izere hana homa. Nilipokwenda kuchota maji, Junior alinifuata nikamuuliza dada yuko wapi. Akaniambia: "Iko kwa Mama Vénérande. Analia juu hatukumubeba." Nilirudi na ndoo, nikakukuta umekaa, nikakupakulia chakula. Ningekwambia nini? Ulikuwa umeshaamua mimi ni nani.

Mchungaji Ezechiel wa kanisa letu ana namba ya simu ya kule. Mpe barua zako, atazipiga picha na kunitumia. Zitakuwa wazi, kama kawaida.

Mama yako,
Annonciata


Area 23, Jumapili, 1 Juni 2025

Mama,

Kwanza kabla ya yote, nimeandika kwa herufi kubwa ili Mchungaji asikosee: JUNIOR SYLVAIN ALIZALIWA 19 NOVEMBA 2021. Waambie kosa ni la mama yake. Waambie alikuwa na hofu. Kama kuna mahali pa kuweka sahihi au dole gumba, nitakwenda kwa miguu.

Hubert hakusubiri mchana. Alifika saa nne asubuhi, hajashusha hata gunia moja. Alisema: "Bibi habandikakai barua. Nilipoona gundi, roho yangu ikakataa." Hakuifungua, Mama. Aliishika tu muda wote akiendesha. Niliisoma nimesimama, nikakimbia shuleni na mkasi shingoni, nikamtoa Izere darasani bila kumuaga mwalimu. Hubert alituweka mbele, watoto penye dirisha, kama ulivyotaka.

Pale Lumbadzi polisi walisimamisha magari. Walikuwa wanakagua karatasi za kila gari, na mimi niliyewashuku watu wote mwezi mzima sikuwa na haki ya kulalamika. Tulipofika kwenye uzio wa uwanja wa ndege, ndege ilikuwa imeshanyanyuka. Izere alipunga mkono. Akaniuliza, "Mama, Bibi iko dirisha gani?" Nikamwonyesha moja. Sikujua, nilichagua tu. Alipunga mpaka ikaingia mawinguni, halafu ikaja nyingine ndogo, akaipungia na hiyo.

Nimemweleza ukweli wote. Kwamba ulimwita, na kwamba mimi ndiye niliyemficha. Hajanikasirikia, na hilo ndilo linaloniumiza. Ningependa apige kelele.

Sweta amelivaa. Mikono inamfunika vidole na kuning'inia, Junior anaicheka. Nilishika mkasi na uzi nikunje kwa ndani, ndiyo kazi yangu, dakika mbili tu. Kisha nikaelewa kwa nini ulilifumua. Nimeurudisha mkasi. Sitakunja. Ataujaza huo mkono mwenyewe, na ukimwona utajua ni miaka mingapi imepita.

Vénérande amehamishia cherehani yake kibaraza cha pili. Hatujagombana, nimemwambia tu kwamba masikio yangu yamechoka. Na cherehani ya Baba inaimba. Mwambie, kwa sauti ya nje, wasikie hata majirani wa huko.

Nisamehe, Mama. Najua ungependa niliseme uso kwa uso. Mimi pia.

Barua hii sikuibandika. Hubert atampelekea Mchungaji, na kama anataka kuisoma, aisome, amestahili. Mstari wa mwisho nimemwachia Izere. Ameniambia nigeuke nisione, nimegeuka.

Mwanao,
Xaverine

*Bibi mi sikukuwa mugonjwa. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Izere*